Panga la Kisauni, bunduki ya Likoni

Kila vijana wa panga wanapopita mtaani Kisauni, wakakata watu na kupora simu kabla polisi hawajafika, maneno ya barazani siku ya pili ni yale yale: afadhali kila mwenye nyumba apewe bunduki yake, tumalizane nao. Ni maneno ya uchungu. Mtu aliyetoka kununua mkate wa jioni Mtopanga au Bakarani akarudi na mkono unaning'inia, huwezi kumwambia asubiri doria. Lakini uchungu haupigi hesabu. Ukiipiga, inatoa jibu lisilopendeza: kilichookoa roho nyingi ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, miaka yote hii ya magenge, ni kwamba watoto hawa wanabeba panga, si bunduki. Na wanabeba panga kwa sababu linapatikana dukani kwa bei ya kawaida, ilhali bunduki ni adimu, ni ghali, na kuitafuta kwenyewe ni hatari.

Panga linaua, sibishi. Ila mwenye panga lazima akufikie, na akishughulika na mmoja, wengine wanapata nafasi ya kukimbia, kufunga mlango, kupiga mayowe. Tarehe 14 Desemba 2012 dunia ilionyeshwa tofauti hiyo ndani ya siku moja. Katika kijiji cha Chenpeng, jimbo la Henan nchini China, mtu mmoja aliingia shule ya msingi na kisu akajeruhi watoto 23, na hakuna aliyekufa. Siku hiyo hiyo, katika shule ya Sandy Hook huko Connecticut, Marekani, kijana mwenye bunduki aliua watoto 20 na watu wazima 6 kwa dakika chache tu. Sidhani yule wa China alikuwa na huruma zaidi. Alichokosa ni chombo. Sasa chukua kundi la vijana 20 wa Kisauni, wengine hata umri wa kitambulisho hawajafika, uwabadilishie chombo, kisha uniambie Bakarani itahesabu majeruhi au maiti.

Wala si lazima twende China. Usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, miezi minne kabla ya uchaguzi mkuu, wavamizi waliokula kiapo na kufanya mazoezi katika msitu wa Kaya Bombo walishuka Likoni. Wengi wao walikuwa na mapanga, marungu, pinde na mishale, na bunduki walizokuwa nazo zilikuwa chache. Waliowalenga hasa ni majirani zao wenye asili ya bara, lakini shabaha yao ya kwanza ikawa kituo cha polisi cha Likoni na kile cha Feri. Polisi 6 waliuawa, na bunduki zaidi ya 40 zikabebwa pamoja na risasi. Katika majuma yaliyofuata watu zaidi ya 100 waliuawa na wapatao 100,000 wakahama makwao, vibanda na nyumba zao vikiteketea nyuma yao. Chuki ya ardhi na kazi ilikuwapo zamani, wanasiasa waliichochea, na Tume ya Jaji Akiwumi ilikuja kusikiliza mengi juu ya hayo. Mimi nashika jambo moja tu. Watu waliokuwa tayari na mapanga na chuki ya kutosha waliona bado wamepungukiwa, wakaenda kwanza kwenye ghala la silaha. Na bunduki walizozikuta humo hazikuwa za magendo. Zilikuwa mali ya serikali, zenye namba, zimeandikwa daftarini.

Ndiyo maana jibu maarufu la wapenda silaha, kwamba mwizi haombi leseni, halinishawishi. Ni kweli haombi. Shirika la Small Arms Survey lilikadiria kuwa mwaka 2017 raia wa Kenya walikuwa na bunduki kama 750,000, na zilizosajiliwa ni elfu chache tu. Lakini mwizi naye hafui bunduki ya kiwandani uani kwake. Kwa kawaida ilianza maisha ikiwa halali, mkononi mwa askari, mwanajeshi au mwenye leseni wa nchi fulani, kisha ikaibwa, ikauzwa au ikaporwa. Kwa hiyo kila bunduki halali tunayoiongeza mtaani inamwongezea mwizi mahali pa kuvizia.

Tazama mahali penyewe. Nyumba ya Kiswahili ya Mtongwe au Kisauni ina ukumbi mrefu katikati na vyumba pande zote mbili, kila chumba na mpangaji wake na kufuli lake, choo na bafu ni vya wote uani. Kuta za vyumba nyingine hazifiki paani. Ukikohoa usiku, jirani wa chumba cha tatu anakuuliza asubuhi kama umekunywa dawa. Bunduki utaificha wapi humo isijulikane? Itakaa chini ya godoro, na kabla ya juma kwisha mtaa mzima utajua nani anayo. Kundi la vijana kumi haliji kwako kwa miadi. Litasubiri uende kazini, au likukute mlangoni mikono imebeba mfuko wa unga. Anayeweza kuweka kasha la chuma ukutani ni mwenye jumba la Nyali, naye ana geti, mbwa na mlinzi tayari. Hata huyo mlinzi, na mwenzake wa yadi ya makontena Miritini anayelinda mali ya mamilioni kwa rungu na kurunzi, ukimpa bunduki akae nayo peke yake usiku kucha, umejenga kituo cha Likoni kidogo kisicho na ukuta.

Sheria yetu, kwa maandishi, iko karibu na ninayoyasema. Katiba ya 2010 haimpi Mkenya haki ya kumiliki bunduki. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inatoa ruhusa tu, kwa mwenye sababu ya maana, asiye mlevi, mwenye akili timamu na asiyehatarisha wenzake. Desemba 2018 waziri Fred Matiang'i aliwaamuru wenye leseni wote wakapigwe msasa upya ndani ya siku 90. Wapo waliolalamika kwamba wanasumbuliwa. Acha wasumbuliwe, mwenye matatu husumbuliwa kila mwaka kwa ukaguzi, na matatu haikutengenezwa kuua.

Kuna pingamizi moja zito zaidi, na ni la watu wa ng'ambo hasa: bunduki zikibaki kwa polisi peke yao, zinabaki kwa wale tunaowaogopa. Mwaka 2016 shirika la Haki Africa lilitoa ripoti iliyoorodhesha watu 81 wa Pwani waliouawa au kutoweka tangu 2012, lawama zikielekezwa kwa vyombo vya usalama. Hofu hiyo haikuzuka hewani. Lakini jiulize polisi husemaje anapompiga kijana risasi: husema alikuwa na bastola. Leo wananchi huguna, kwa kuwa wanajua bastola ni adimu. Zikijaa mtaani, kila maiti itaaminika kuwa ilikuwa na silaha.

Dawa ya hofu hiyo iko kwenye lile daftari la silaha la kituoni. Askari anapochukua bunduki kituoni huandikwa jina lake, namba ya silaha, idadi ya risasi na saa. Akirudisha, huandikwa tena. Risasi iliyopungua ina mtu wa kuulizwa, na ganda lililookotwa laweza kulinganishwa maabara na bunduki iliyolitema. Mamlaka huru ya kusimamia polisi, IPOA, iliyoundwa kwa sheria ya 2011, ina uwezo wa kudai kumbukumbu za polisi. Mara nyingi daftari hufunguliwa baada ya mazishi. Lingefaa likaguliwe kila mwezi, Likoni, Changamwe na Kisauni, hata mwezi ambao hakuna aliyekufa, na hesabu ya bunduki na risasi za kila kituo ibandikwe mahali ambapo mbunge wa eneo na mwananchi wa kawaida wanaweza kuisoma.