Chikungunya na Viungo Vyetu (3): Kurudi Jikoni

Swali lililorudiwa zaidi na wasomaji baada ya makala ya juma lililopita lilihusu jikoni. Homa imekwisha, mtu ametoka kitandani, anataka kuwapikia watu wake, lakini mkono haufungi ngumi na kifundo cha mguu kinalia kila anapochuchumaa. Aanze lini, na aanze na nini? Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Upishi wetu wa pwani hutumia vidole na vifundo vya mikono kuliko kazi nyingine yoyote ya nyumbani, na hivyo ndivyo viungo ambavyo ugonjwa huu huvishika kwanza na kuviachia mwisho.

Kwa anayeanza nasi leo, nikumbushe kwa ufupi. Chikungunya huletwa na virusi vinavyobebwa na mbu wa jamii ya Aedes, yule mweusi mwenye madoa meupe anayeuma mchana. Ugonjwa ulielezwa kitaalamu kwa mara ya kwanza baada ya mlipuko wa mwaka 1952 na 1953 upande wa Newala, kusini mwa Tanganyika, katika taarifa za Marion Robinson na W. H. R. Lumsden zilizochapishwa mwaka 1955. Mwaka 2004 uliingia Lamu, ukashuka Mombasa, mwaka uliofuata ukavuka hadi Komoro na Réunion, na huko Réunion takriban mtu mmoja kati ya watatu aliugua. Mwishoni mwa 2017 na mwanzoni mwa 2018 Mombasa iliuona tena. Homa yenyewe haikai. Kwa kawaida siku chache, juma moja kwa wingi. Maumivu ya viungo ndiyo yanayokaa: majuma, kwa wengine miezi, na kwa wachache, hasa watu wazima wenye umri mkubwa, miaka.

Siku za homa si za kupika. Ni za kulala, kunywa maji na uji mwepesi, na kutuliza maumivu kwa parasetamoli, vidonge vya miligramu 500 visivyozidi vinane kwa saa 24 kwa mtu mzima mwenye ini zima. Aspirini, diklofenaki na ndugu zake zisubiri mpaka daktari aondoe shaka ya homa ya denge, maana mbu yule yule huleta magonjwa yote mawili, na denge ina hatari ya kutoa damu.

Homa ikishuka, nyumba nyingi hukosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni mama kurudi jikoni siku hiyo hiyo na kushika kazi zote kama zamani, jioni yake vidole vikavimba upya. Ya pili hufanywa kwa nia njema, nayo hudumu zaidi: mgonjwa hukatazwa kugusa chochote, akawa anaishi kwa chai ya rangi na mkate wa duka, mwezi wa kwanza, wa pili. Misuli isiyotumika hupungua upesi, na mtu wa miaka sitini aliyelala majuma mawili huamka na miguu isiyo yake. Kiungo kisichokunjwa nacho hukakamaa. Kwa hiyo kurudi jikoni taratibu ni sehemu ya kupona, mradi kazi ipangwe upya. Ninalosisitiza mimi ni hili: punguza kazi ya mkono, usipunguze chakula.

Tuanze na nazi, kwa kuwa ndiyo inayowashinda wengi. Mtazame mtu anayekuna. Amekaa juu ya mbuzi, kimo cha shubiri moja au mbili kutoka sakafuni, magoti yamekunjwa hadi mwisho, mgongo umeinama mbele. Mikono yote miwili imekumbatia kifuu kwa nguvu ya vidole, na kila mkuno ni kusukuma chini huku kifundo cha mkono kikizungushwa. Nazi mbili za wali wa watu sita ni mamia ya mizunguko hiyo. Bado kukamua: machicha yanabanwa kwenye kifumbu au kwa kiganja mpaka yatoe kasimile, kisha yanatiwa maji na kubanwa tena kwa tui jepesi. Kushika kwa nguvu, kuzungusha na kurudia: mambo hayo matatu ndiyo mtaalamu wa mazoezi ya viungo huyakataza kwa mkono uliovimba, na hapa yamekutana katika kazi moja.

Wapo wanaoamua basi nazi iachwe. Sikubaliani nao. Mafuta ya tui husaidia mwili kufyonza vitamini iliyomo kwenye mchicha na maboga, na mgonjwa aliyekosa hamu kwa siku nyingi hurudishwa mezani na harufu anayoijua. Kinachoachwa ni mbuzi tu. Sokoni Mombasa na Dar es Salaam nazi hukunwa kwa mashine mbele ya mnunuzi. Mwenye blenda avunjiwe nazi, nyama yake ikatwe vipande, isagwe na maji ya uvuguvugu, kisha imiminwe kwenye kitambaa cha melimeli kilichotandazwa juu ya chujio. Badala ya kukamua kwa vidole, juu ya kitambaa weka bakuli lenye uzito, tui lijichuje lenyewe wakati wewe unachambua mboga. Tui la pakiti pia halina dhambi. Najua wapo mabibi watakaonisuta kwa sentensi hiyo, na ladha wanayoitetea ni ya kweli. Lakini mkono wa bibi nao una haki.

Ugali ni suala la pili. Mwanzo wa kuupika hauna shida, shida ni pale unaposhika na mwiko unapopambana na uzito wa sima. Nguvu yote hupita kwenye kifundo cha mkono kilichopinda. Katika miezi ya kwanza ugali usongwe na mtu mwingine, au wali na viazi vichukue nafasi yake. Chapati za kusukuma vilevile: kuukanda unga ni mzigo kwa viungo vya gumba, na kusukuma ni mzigo kwa bega. Lakini tuna chapati za maji, ambazo unga huvurugwa tu na maji, yai na chumvi kidogo ukamiminwa kwenye kikaango. Siku hizi watu huzidharau kama chakula cha haraka haraka, wakati kwa mkono unaouma zinafaa kuliko zote. Mahamri yanunuliwe kwa jirani anayeuza. Mbaazi za kuyasindikiza zipikwe nyumbani.

Naam, mbaazi. Kama ningeulizwa chakula cha kwanza cha kurudi nacho, ningetaja jamii hii yote ya mikunde: mbaazi, kunde, na hasa pojo, ambazo wengine huziita choroko. Sababu yake ni kwamba kazi kubwa hufanywa na maji na moto. Mbaazi hulowekwa usiku. Asubuhi maji yanamwagwa, zinatelekwa kwa maji mapya, na mpishi anaweza kwenda kukaa. Pojo hata kulowekwa si lazima, huiva chini ya saa moja. Zikilainika, kitunguu na nyanya vitiwe ndani ya sufuria hiyo hiyo bila kukaangwa kando, bizari kidogo, kisha tui jepesi, na kasimile mwishoni moto ukiwa mdogo lisije likakatika. Sufuria moja, mwiko mmoja, hakuna kuhamisha vitu vya moto kutoka chombo hadi chombo. Mtoto wa miaka kumi anaweza kuchambua pojo mezani. Kazi ya mkubwa ikawa kuonja na kuamuru.

Kumenya nako kuna njia yake. Muhogo mbichi una ganda linalodai kisu na nguvu, hivyo uachie wenye mikono mizima. Viazi vitamu na viazi mviringo vichemshwe na maganda yake, vikiiva ganda linatoka kwa kidole. Ndizi mbichi pia: zikatwe ncha, zipasuliwe ganda kwa urefu, zichemshwe hivyo hivyo, kisha zimenywe zikiwa na uvuguvugu. Boga lina gamba gumu la kukatisha tamaa. Liagize limekatwa tayari kwa muuza mboga, ulipike na ngozi yake.

Hapa lazima nisimame kidogo kwenye mwiko wa aina nyingine, ule wa kukatazana. Katika nyumba nyingi anayeumwa viungo huambiwa asiguse maharage, kunde wala mbaazi kwa kuwa "zinazidisha." Katazo hili limechukuliwa kutoka kwenye jongo, ugonjwa mwingine kabisa, unaotokana na asidi ya yuriki kujikusanya kwenye viungo. Hata kwa jongo lenyewe katazo ni dhaifu. Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa mwaka 2004, uliofuatilia wanaume zaidi ya 47,000 kwa miaka 12, ulikuta kuwa nyama nyingi na vyakula vya baharini viliongeza hatari ya jongo, wala mboga na kunde zenye purini hazikuiongeza. Chikungunya haihusiani na purini kwa lolote. Kumnyima protini mtu ambaye misuli yake imepungua ni kumrefushia safari. Ale pojo zake, ale na dagaa, ambao huliwa na mifupa yao na hivyo huleta madini ya kalisi pamoja na protini. Akikamulia ndimu kwenye mchicha au kunde, madini ya chuma yatafyonzwa vizuri zaidi; na ndimu ibanwe kwa kuikandamiza na kijiko juu ya sahani ikiwa vidole vimegoma.

Kuhusu kupanga jiko, nitasema machache. Jiko la mkaa lipandishwe juu ya matofali au meza imara isiyoshika moto, mpishi akae kwenye kiti cha kawaida badala ya kigoda. Sufuria iwe na mikono miwili, ijazwe nusu, na isukumwe juu ya meza pale inapowezekana badala ya kubebwa. Maji yaongezwe kwa kikombe ikiwa tayari motoni. Mboga zikatwe juu ya kibao. Mtindo wetu wa kukatia sukuma wiki mkononi ni mzuri kuutazama, lakini unataka mkono mmoja ubane fungu na mwingine ubane kisu muda wote. Kisu kinolewe: kisu butu ndicho kinachoumiza. Na kwa kuwa ukakamavu huwa mkali zaidi asubuhi, mwenye kuumwa aanze siku kwa kuosha vikombe kwa maji ya uvuguvugu, dakika kumi hivi, akifungua na kufunga vidole ndani ya maji. Upishi wenyewe uje saa nne au tano. Kipimo cha kujua umezidisha ni rahisi: ukiona maumivu yamepanda kuliko kawaida yako na yakaendelea zaidi ya saa mbili baada ya kazi, kesho punguza.

Mengi ya haya hayawezekani kwa mtu mmoja. Nimesoma barua ya msomaji mmoja, mume wa mtu, aliyeuliza kwa heshima zote ni lini "jiko litarudi kama zamani." Ndugu yangu, huenda lisirudi kabla ya Idi, na kukuna nazi hakujapata kumvunjia mwanamume hadhi yake. Wavuvi hujipikia wali wa nazi chomboni bila mwanamke hata mmoja kuwapo, na hakuna aliyewacheka.

Ikiwa miezi mitatu imepita na viungo bado vimevimba, nenda kliniki ukapimwe. Kwa baadhi ya watu maumivu hugeuka kuwa baridi yabisi inayohitaji dawa zake maalumu na usimamizi wa daktari. Usikubali kudungwa sindano za kutuliza mara kwa mara kwenye vibanda vya dawa bila kujua kilichomo ndani yake. Unafuu wake ni wa siku chache na madhara yake hukaa.

Jambo la mwisho kwa leo liko hapo hapo jikoni. Aliyeugua chikungunya kwa kawaida hupata kinga ya muda mrefu, pengine ya maisha, ila waliobaki nyumbani hawana. Mbu wake hutaga kwenye mapipa, mitungi na ndoo za maji tunazoweka karibu na jiko, na mayai yaliyoganda ukutani mwa pipa hustahimili ukavu kwa miezi. Kumwaga maji peke yake hakutoshi. Kila juma pipa lisuguliwe kuta zake kwa brashi, lisuuzwe, lijazwe na kufunikwa kwa kifuniko kinachoshika. Kazi hiyo asipewe mgonjwa. Juma lijalo tutaeleza namna ya kuifanya katika mitaa ambayo maji ya bomba hutoka siku mbili tu kwa wiki.