Lushoto kwa siku moja: kupanda ni rahisi, kushuka ndiyo kazi

Asubuhi saa tatu, Mombo tayari kunachoma. Gari la familia linaacha barabara kuu ya Segera kwenda Moshi, linakunja kulia na kuanza kukwea milima ya Usambara Magharibi. Hadi Lushoto ni kama kilomita 33 tu, lakini ni kona juu ya kona, ukuta wa mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili. Kabla ya kufika Soni, mtoto mmoja analalamika kwamba masikio yameziba na mwingine ananyamaza ghafla. Huyo aliyenyamaza ndiye wa kuangaliwa.

Kichefuchefu cha safarini hutokana na ubishi ndani ya mwili. Sikio la ndani, lenye viungo vinavyopima mizunguko na mwendo, linasema gari linapinda. Macho yaliyoinamia simu yanasema hakuna kinachosogea. Ubongo unapokea taarifa mbili zisizopatana, na tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka 2 na 12 ndio huathirika zaidi. Mtoto akae mahali anapoiona barabara ya mbele, atazame mbali, simu iwekwe mkobani. Chai nzito na chapati za mafuta zingoje juu; tumbo lililojaa mafuta halipendi kona.

Baada ya hapo hali ya hewa nayo inageuka. Lushoto iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, karibu kilomita moja juu ya Mombo, na hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 za Selsiasi kwa kila mita 1,000. Kwa hiyo aliyevaa fulana Mombo anatafuta sweta Lushoto, hasa kati ya Juni na Agosti. Pepo kutoka Bahari ya Hindi zikigonga milima hii hulazimika kupanda, zikapoa, unyevu wake ukawa ukungu na mvua. Zikishuka upande wa Mombo zimekwisha kukauka, ndiyo maana huko chini kunastawi mkonge na huku juu kuna kabichi, karoti, mapeasi na maplamu.

Ubaridi huo ndio uliowavuta Wajerumani, walioupa mji jina la Wilhelmstal. Mwaka 1905 reli kutoka Tanga ilifika Mombo, na safari ya mlimani ikawa nyepesi. Hawakukimbia joto peke yake. Kimelea cha malaria hukua polepole mno ndani ya mbu kukiwa na baridi, hivyo homa hupungua kadiri mtu anavyopanda. Hupungua, haiishi, mwenye kulala huko bado anahitaji chandarua.

Jua la mlimani lina hila. Hewa ni nyepesi, miale inayochoma ngozi inapita kwa wingi zaidi kuliko pwani, na kwa kuwa kuna baridi hakuna anayejishuku. Pale Irente, kwenye ukingo wa mlima unaotazama nyika karibu mita 1,000 chini, familia hukaa muda mrefu zikipiga picha. Mwenye ualbino asiivue kofia pale hata kama upepo unamtetemesha.

Chakula nacho kinahitaji subira. Maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, na maharage yanachukua muda zaidi kuiva. Anayeagiza wali maharage saa nane, jikoni hakujaandaliwa kitu, ajue atasubiri. Mkate, jemu na jibini vya shamba la Irente vinaokoa siku.

Wengi hudhani kazi imekwisha wakishaanza kurudi. Sikio halikubali hivyo. Wakati wa kupanda, hewa iliyomo nyuma ya kiwambo cha sikio hutoka yenyewe kupitia mrija mwembamba unaoelekea kooni. Wakati wa kushuka, hewa ya nje inazidi nguvu na mrija hujibana. Hewa haiingii mpaka mtu ameze. Mrija wa mtoto ni mwembamba zaidi, na mafua huuziba kabisa. Mtoto mchanga anyonyeshwe njiani, wakubwa wapewe pipi au maji ya kunywa kidogo kidogo. Anayetaka kuwaonyesha watoto kinachotokea afunge chupa tupu ya plastiki kabla ya kuondoka Lushoto: ikifika Mombo itakuwa imebonyea, kana kwamba kuna aliyeikamata kiganjani.

Dereva ana shida yake. Akikanyaga breki mfululizo zinapata moto na kuacha kushika, kwa hiyo gia ndogo ndiyo izuie gari, mguu ubaki wa dharura. Kuondoka Lushoto saa kumi alasiri kunampa mwanga wa kutosha, na nafasi ya kusimama Soni breki zipoe, watoto wakitazama maporomoko ya maji.