Ukungu Ndani ya Nyumba: Tafuta Maji Kwanza

Mama, yale madoa meusi kwenye ukuta, pale karibu na kitanda cha mtoto, si kazi ya mchawi. Ni ukungu. Ni kitu chenye uhai, sawa uyoga wa porini, lakini kidogo sana. Mbegu zake ni vumbi jembamba ambalo macho hayaoni, nazo ziko katika hewa kila fasi, hata ndani ya nyumba iliyofagiwa vizuri. Pakavu haziwezi kuota. Zikipata unyevu, siku mbili tatu zinatosha. Kwa hiyo mwenye ukungu nyumbani asione haya, si kusema yeye ni mchafu. Nyumba yake inakunywa maji fasi fulani, ni hayo tu.

Lakini mtoto anayelala karibu na ukuta huo anavuta lile vumbi usiku kucha. Mafua hayaishi, macho yanawasha, kikohozi kinarudi kila mara, kifua kinalia sawa filimbi. Mwenye pumu anabanwa zaidi.

Huku kwetu Kabambare mvua inaanza karibu na mwezi wa 9 na kuendelea mpaka mwezi wa 5. Angalia nyumba asubuhi, baada ya mvua kubwa ya usiku. Toka nje kwanza, kisha rudi, simama mlangoni na unuse. Pua inajua mbele ya macho. Halafu sogeza kitanda, inua mkeka, ondoa masanduku na magunia, kwa maana ukungu unapenda fasi hewa haipiti. Gusa ukuta kwa mgongo wa mkono, chini na juu. Ukuta ukilowa juu, paa inavuja. Ukilowa chini, maji yanapanda kutoka ardhini, ao matone ya paa yanaanguka karibu mno na kurukia ukuta. Kwenye matofali ya kuchoma pengine utaona unga mweupe. Tia tone la maji: ukiyeyuka, hiyo ni chumvi ya udongo, si ukungu. Hata hivyo chumvi inakuonyesha kwamba maji yanapanda pale.

Kwa sakafu, twaa kipande cha nailoni, upana wa sahani kubwa, ukitandike chini na kukizungushia mawe madogo pembeni. Kiache siku nzima na usiku wake. Ukikiinua na kukuta maji upande wa chini, unyevu unatoka ardhini. Maji yakiwa upande wa juu, unatoka katika hewa ya nyumba: pumzi za watu wanaolala, sufuria inayochemka, nguo zilizoanikwa ndani.

Wengi wanapangusa ukuta, wanapaka udongo mweupe, na wanafurahi. Baada ya majuma mawili madoa yanarudi. Udongo mweupe unaficha tu. Kazi ya kwanza ni kuzuia maji. Baba wa watoto achimbe mfereji kuzunguka nyumba, wenye kutelemka na kupeleka maji mbali. Nyasi za paa zipite ukuta karibu mkono mzima, ili matone yaanguke mbali. Maji ya kuoga na ya kusafisha vyombo usiyamwage kando ya ukuta. Mgomba uliosimama karibu na nyumba unazuia jua. Afadhali uhamishwe, hata kama unazaa vizuri. Kutengeneza paa na kupaka udongo mpya ni kazi ya kiangazi, mwezi wa 6 mpaka wa 8. Udongo uliopakwa wakati wa mvua haukauki upesi.

Jua likitoka, fungua mlango na madirisha, anika magodoro na mikeka. Kitanda kisiguse ukuta, acha nafasi ya shubiri moja. Wengine wanawasha moto ndani ili nyumba ikauke. Moshi ule ni adui mkubwa wa kifua cha mtoto, basi usibadilishe ubaya kwa ubaya.

Siku ya kuondoa ukungu, watoto na mwenye pumu wakae nje. Jifunge kitambaa puani na kinywani. Nyunyiza maji kidogo tu, vumbi lisiruke, kisha kwarua udongo ulioharibika na kuutupa mbali. Paka udongo mpya, ukikauka kabisa upake chokaa. Ukuta wa simenti unaoshwa kwa sabuni, kisha unakaushwa. Ukitumia maji ya javeli, fungua milango, na usiyachanganye kamwe na siki ao dawa nyingine. Mkeka uliooza mpaka ndani uchome.

Sasa tazama magunia. Unyevu uleule wa sakafu unaingia katika karanga na mahindi, na huko ubaya ni mkubwa kuliko ukutani. Ukungu wa chakula unaweza kutoa sumu iitwayo aflatoksini, yenye kuharibu ini. Huko Kenya, mwaka 2004, upande wa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa mahindi yenye sumu hiyo, na 125 wakafa. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliougua, kuliko jirani zao wazima, walikuwa wameweka mahindi yenye unyevu ndani ya nyumba. Moto wa kupikia hauondoi sumu hiyo. Kwa hiyo kausha sana mbele ya kuweka, na weka magunia juu ya uchanja, mbali na ukuta. Karanga nyeusi, zilizokunjamana, chungu ao zenye unga wa kijani, zitupe. Usizisage kwa uji wa mtoto, maana zikisagwa hazionekani tena. Wala usizipe kuku, nao wanakufa.

Tena, si kila kikohozi ni cha ukungu. Mtoto akikohoa, mfunue kifua akiwa ametulia na kuhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 ao zaidi ni hatari. Miezi 2 mpaka 11, ni 50 ao zaidi. Mwaka 1 mpaka 5, ni 40 ao zaidi. Mbavu zikiingia ndani akivuta hewa, ao akikataa kunyonya, usihesabu tena. Mlete siku ileile, pamoja na fishi yake. Kikohozi kikipita majuma mawili, mlete vilevile, hata kama anacheza.