Kumtambua Mtungaji kwa Maneno Yake

Jirani huweza kutambulikana gizani kwa kikohozi chake, kabla hajasema neno. Sisi tufanyao kazi ya ukarani twalijua jambo hili: barua isiyo na sahihi ikiletwa mezani, mara nyingi humjua mwenyewe kwa namna anavyoanza salamu zake, na kwa neno apendalo kulirudia. Je, watungaji wa zamani wa Lamu na Pate nao waweza kutambuliwa hivyo?

Wako wasiotupa taabu. Mwana Kupona binti Mshamu, katika utendi wake mashuhuri, amwusia binti yake, amkumbuka marehemu mumewe, Bwana Mataka wa Siyu, na mwisho ataja mwaka wa Hijra 1275, ambao ulianza mwaka 1858. Hapo hapana shaka.

Lakini wengi hawakuacha alama kama hizo, na hapo ndipo lugha hutazamwa. Mtu wa Lamu husema yua, moya na zitu, pale ambapo mtu wa Mombasa husema jua, moja na vitu. Wote wawili husema mato, na mtu wa Unguja husema macho. Basi mnakili wa Unguja aweza kugeuza mato kuwa macho katikati ya mstari, na msikilizaji asihisi kitu. Lakini neno hilo likiwa penye kina, pamoja na mengine yaishiayo kwa -to, hawezi kuligeuza pasipo kuliharibu shairi. Kwa hiyo mwenye kutafuta asili ya mtungaji atazame vina kwanza. Kina ni shahidi asiyehongeka.

Hata hivyo, shahidi mmoja hatoshi. Kiamu kilikuwa lugha ya heshima katika utungaji, na watungaji wa miji mingine walikitumia pia. Wala hati ya mkono haitoshi. Muhammad Kijumwa wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mtungaji, mchongaji wa mbao na mnakili hodari wa hati za Kiarabu. Aliwanakilia wataalamu wa Ulaya, miongoni mwao Alice Werner na William Hichens, tungo nyingi za watu wengine. Ajuaye hati yake ataitambua mara moja, lakini atakuwa amemtambua mwandishi wa karatasi, si lazima mtungaji wa maneno. Tena Kijumwa huyo huyo ndiye aliyetunga, mwaka 1913, utendi wa habari za Fumo Liyongo. Asomaye humo maneno ya Liyongo asidhani kwamba yametoka kinywani mwa shujaa huyo wa kale.

Jambo hili si mchezo wa wasomi tu. Marehemu hawezi kuja barazani kudai shairi lake. Tukimpa mwingine kwa kukisia, tumemdhulumu aliyekesha akilitunga, na wajukuu zake tumewanyima fahari yao.

Basi, msomaji mpenzi, ukiwa na karatasi za babu sandukuni na ukataka kuzinakili, usisahihishe hata neno moja, ijapokuwa waliona geni. Chini yake andika jina lako na tarehe, na useme wazi kwamba wewe umenakili tu. Neno lile uliloliona kosa huenda ndilo kikohozi cha mwenyewe.