Chombo cha hewa kikidanganya: tumjibu vipi anayekagua kazi yetu?

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani,

Mwezi huu hatusemi habari ya kofia wala viatu. Tunasema habari ya mistari michache ya maandishi iliyo ndani ya chombo kidogo cha kupima hewa, kile anachotangulia nacho kapita shimoni kabla ya watu kuingia. Maandishi hayo huyaoni. Yakikosewa, wewe ndiwe unayelipa.

Tukumbushane kwanza. Hewa safi ina oksijeni 20.9 kwa mia. Ikishuka chini ya 19.5, chombo kinapaswa kulia. Kuna pia monoksidi ya kaboni, hewa itokayo katika pampu ya esansi na katika mbabula ya makaa. Haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, miguu inalegea, unakaa chini upumzike kidogo, na huamki tena. Akina mama, huku Bijombo baridi ya usiku tunaijua, na wengi huingiza mbabula ndani na kufunga mlango. Ni hewa ile ile ya shimoni, na nyumbani hakuna chombo cha kulia. Mbabula ilale nje.

Sasa, chombo hicho kinafanyaje kazi? Ndani yake mna kipande kinachonusa oksijeni, kingine kinachonusa monoksidi, kingine cha kupima joto, na kimoja ndicho ubongo. Vyote vinazungumza kwa nyaya mbili tu. Utaratibu huo ulianzishwa na kampuni ya Philips mwaka 1982, na leo umo katika vyombo vingi mno. Mafundi huziita nyaya hizo basi, kwa sababu zinabeba habari za wote. Uzi mmoja unapiga mapigo, mwingine unachukua habari. Kila kipande kina namba yake: ubongo unaita namba, na mwenye namba hiyo anauvuta uzi chini, kana kwamba anasema "nipo". Fikiri kamba moja ya kengele inayotumiwa na watu wengi shimoni. Mmoja akiishika asiiachie, hakuna mwingine anayeweza kupiga.

Programu inayosimamia mazungumzo hayo huitwa draiva. Si dereva wa lori, ingawa kazi zao zinafanana kidogo: wote wawili wakisinzia, mzigo haufiki.

Kijana mmoja, fundi wa vyombo, alitengeneza chombo cha namna hiyo na kuiandika draiva yake mwenyewe. Akaituma kwa mzee mmoja wa ufundi aliyeko Uvira ili aikague. Yakarudi masahihisho 11. Siku iliyofuata kijana alikuja kwangu dispensari akilalamika kichwa. Nikapima joto, nikapima damu ya malaria, hakuna kitu. Ndipo akasema: "Muganga, yule mzee ananidharau. Chombo kinafanya kazi, angalia mwenyewe!" Akakiweka juu ya meza yangu. 20.9.

Nikamwomba anisomee sahihisho la kwanza. Mzee aliandika hivi: draiva haiangalii kama kipande kimejibu; kikinyamaza, chombo kinaonyesha namba ya zamani. Kijana akasema haiwezekani. Basi tukafanya jaribio ambalo kila mtu anaweza kulifahamu. Pumzi tunayoitoa ina oksijeni kama 16 kwa mia. Nikapuliza juu ya chombo taratibu, namba ikashuka. Vizuri. Kisha nikamwambia achomoe uzi wa kipande cha oksijeni, nikapuliza tena. 20.9. Nikapuliza mpaka nikaona kizunguzungu. 20.9. Yule kijana hakusema neno, na sikumsikia tena akilalamika kichwa.

Sisi watu wa hospitali hatuna haki ya kumcheka. Kati ya Juni 1985 na Januari 1987, huko Marekani na Kanada, mashine ya mionzi ya kutibu kansa iliyoitwa Therac-25 iliwapa watu 6 mionzi mingi kupita kiasi, na baadhi yao walikufa. Mashine za zamani za ukoo wake zilikuwa na vizuizi vya chuma na umeme. Katika hii mpya vingi viliondolewa, na usalama ukaachiwa programu, ambayo ilikuwa imeandikwa na mtu mmoja. Hospitali zilipouliza, kiwanda kilijibu kwamba jambo hilo haliwezi kutokea. Katika mji wa Tyler, jimbo la Texas, mgonjwa aliungua Machi 1986. Mafundi wa kiwanda wakaja, wakajaribu, wasione kosa, na mashine ikarudishwa kazini. Tarehe 11 Aprili akaungua mwingine. Ndipo mtaalamu wa fizikia wa hospitali, Fritz Hager, akakaa pamoja na mwendesha mashine wakirudia hatua zile zile mpaka kosa likatokea mbele ya macho yao: mtu akisahihisha maandishi upesi, ndani ya sekunde 8 hivi, mashine haikuona badiliko. Mafundi wa kiwanda walikuwa wamejaribu polepole. Watu waliumia kwa sababu ya kosa la programu, lakini pia kwa sababu ya jibu la "haiwezekani" lililotolewa kabla ya kujaribu kama alivyojaribu yule aliyelalamika.

Turudi kwa kijana wetu. Sahihisho la pili lilihusu kamba ya kengele: kipande kikikwama katikati ya neno kinaweza kuushika uzi chini, na chombo kizima kinabaki kikingoja hata kesho. Mzee alitaka kuwe na mwisho wa kungoja, na ubongo upige mapigo hadi 9 ili kipande kimalize neno lake na kuachia uzi. Hilo alilitengeneza siku ile ile.

La tatu lilimtia aibu. Ndani ya draiva palikuwa na mahali namba 3 inaongezwa bila maelezo. Mzee aliuliza: hii 3 imetoka wapi? Sababu ni milima yetu. Kipande chake ni cha aina inayofuata mgandamizo wa hewa, naye alikuwa amekipima Uvira kando ya ziwa, kama mita 770 juu ya bahari. Huku juu, kupita mita 2,000, kikaonyesha karibu 18 katika hewa safi, na chombo kikalia ovyo. Ili kukinyamazisha akaongeza 3. Lakini kosa la namna hiyo ni la kuzidisha, si la kujumlisha. Hewa ikiwa 19.3 kweli, chombo chake kingeonyesha 19.6, nacho kisingelia. Dawa ni kukipima upya huku juu, katika hewa safi, pale pale kitakapotumika.

Matano yalihusu majina na mpangilio wa mistari. Hayo ndiyo yaliyomchoma zaidi, nami nimeona hata dispensari watu wanagombana kwa mwandiko kuliko kwa kipimo cha dawa. Aliyakubali kwa neno moja moja. Mengine mawili yalihusu maelezo aliyosahau kuandika.

Sahihisho moja alilikataa, na alikuwa na haki. Mzee alitaka chombo kingoje sekunde nzima kati ya kuita na kuita. Kijana hakujibu kwa hasira. Alimpelekea ukurasa wa kitabu cha kiwanda unaosema kipande kinahitaji muda mfupi zaidi, na vipimo 20 alivyochukua mwenyewe. Mzee akajibu: "Sawa, mwanangu, nilikosea hapo."

Wiki iliyopita wameleta chombo tena juu ya meza yangu. Kijana amechomoa uzi, mimi nimepuliza. Namba imetoweka, vikatokea vistari vinne, na chombo kikalia hata wagonjwa waliokuwa wakingoja barazani wakatoka nje.