UNATAKA FREMU MJINI KATI? PIGA HESABU HII KABLA HUJATOA KILEMBA



Swali linalojirudia sana inbox ni hili: "Nina duka mtaani, nasikia mjini kumeanza kuchangamka tena, nihamie Kariakoo au nibaki?" Jibu la ndiyo au hapana halipo. Ila yapo mambo ukiyaelewa utajijibu mwenyewe. Leo tuyachambue kwa mfano wa Dar es Salaam. Hata kama uko Mwanza, Mbeya au Arusha, mantiki ni hiyohiyo.

KWANZA, KWA NINI WATEJA WALIPUNGUA MJINI?

Jiji halijapungua watu. Sensa ya 2012 Dar ilikuwa na watu 4,364,541, sensa ya 2022 wakafika 5,383,728. Yaani wameongezeka zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi. Ila hao watu hawakwenda kuishi Posta wala Kariakoo. Wako Mbezi, Goba, Chanika, Mbagala, Kigamboni. Na biashara inamfuata mtu. Angalia barabara yoyote ya huko pembeni, kila mwenye nyumba kapiga fremu mbele ya uzio wake. Mtu ananunua sukari, sabuni, nguo ya mtoto na kocha ya simu bila kupanda daladala.

Pili, 2016 serikali ilitangaza kuhamia Dodoma, na wizara zikaanza kuondoka. Kwa Posta hiyo ilikuwa ni pigo. Mfanyakazi wa ofisi ndiye anayekula mchana pale, anatoa kopi pale, anapita kununua shati jioni. Akiondoka yeye, duka linabaki linaangaliana na barabara.

Tatu, usiku wa tarehe 10 Julai 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Soko lile lilijengwa miaka ya 70, lilichorwa na msanifu wa Kitanzania, Beda Amuli, na lilikuwa sumaku ya eneo zima. Wafanyabiashara wakatawanyika sehemu nyingine. Mwaka huohuo, Oktoba, machinga nao wakaondolewa barabarani na kupelekwa maeneo waliyopangiwa. Wenye maduka wengine walifurahi kwa sababu mbele ya fremu palikuwa peupe. Lakini kumbuka, mteja wengine walikuwa wanamfuata machinga, halafu ndiyo wanaingia dukani. Na wapo wenye maduka waliokuwa wanatoa mzigo kwa machinga auze hapo nje. Kuondoa msongamano na kuleta mteja ni vitu viwili tofauti.

SASA NINI KINAWARUDISHA?

Usafiri ndiyo namba moja. Mwendokasi ilipoanza 2016 kutoka Kimara hadi Kivukoni, na tawi la Gerezani, mtu wa Kimara akaanza kufika Kariakoo bila kukaa saa mbili Ubungo. 2024 ikaja treni ya SGR, Juni hadi Morogoro na Agosti ikazinduliwa hadi Dodoma. Stesheni yake iko hapohapo mjini. Mwenye duka Morogoro anafika chini ya saa mbili, anachukua mzigo, anarudi siku hiyohiyo. Huyu ni mteja wako wa jumla.

Soko lenyewe nalo limejengwa upya, pamoja na jengo jipya pembeni yake, kwa zaidi ya shilingi bilioni 28. Na Februari 2025 ikazinduliwa biashara ya saa 24 Kariakoo, taa na kamera zikafungwa mitaani. Lengo ni kwamba mnunuzi wa Zambia, Kongo au Comoro anayefika jioni asilazimike kulala ndiyo anunue kesho.

Lakini kuna kitu kimoja ambacho hakikuondoka hata siku moja: KULINGANISHA. Ukitaka simu unaenda Aggrey. Nguo, mtaa wa Kongo. Vipuri na vyuma, Gerezani. Maduka thelathini ya kitu kimoja yakikaa pamoja yanaonekana kama yanauana, kumbe yanaitana wateja. Mtu anatoka Chanika kwa sababu anajua akikosa kwako atapata kwa jirani. Hiki ndicho mtaani huwezi kukipata.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni hii: bidhaa ambayo mtu ANALINGANISHA kabla ya kununua, au ANANUNUA KWA JUMLA, mjini ni kwake. Bidhaa ambayo mtu anaihitaji sasa hivi, mtaani ndiyo kwake. Unga, gesi, vocha, dawa ya mswaki, usihangaike kuvipeleka mjini.

HESABU YENYEWE

Hapa ndipo wengi wanachoma mtaji. Namba hizi ni za mfano tu, wewe weka za kwako.

Tuseme unauza nguo. Unanunua kipande 10,500, unauza 14,000. Faida 3,500.

Fremu ya mtaani kwa mwezi:
- Kodi 150,000
- Msaidizi 150,000
- Umeme na ulinzi 50,000
Jumla 350,000. Gawa kwa 3,500, unapata vipande 100. Ukifungua siku 26, ni vipande 4 kwa siku ili usipate hasara.

Fremu ya mjini kwa mwezi:
- Kodi 800,000
- Msaidizi 250,000
- Umeme, usafi na ulinzi 100,000
- Kilemba milioni 6, ukikigawa kwa miezi 24 ya mkataba, ni 250,000
Jumla 1,400,000. Gawa kwa 3,500, ni vipande 400. Kwa siku 26, ni vipande 16 kila siku.

Umeona hapo? Watu wengi kilemba hawakiweki kwenye hesabu kwa sababu wanakitoa mara moja na kukisahau. Kumbe kilemba peke yake kinakudai karibu vipande vitatu kila siku kwa miaka miwili.

Twende mbele. Tuseme mtaji wako wote ni milioni 15. Mwenye fremu anataka kodi ya miezi sita, ni milioni 4.8. Kilemba milioni 6. Umebaki na milioni 4.2. Kwa 10,500 hiyo ni vipande 400. Sasa rudi juu: unatakiwa kuuza vipande 400 kwa mwezi ili tu usipate hasara. Maana yake duka lako LOTE liishe kila mwezi, mpaka zile saizi ambazo hazitoki, na wewe mwenyewe hujala bado. Hujakosea biashara wala huna mkosi. Hela imeingia ukutani badala ya kuingia kwenye mzigo.

Kwa maoni yangu, kodi na kilemba vya mwanzo visivuke theluthi moja ya mtaji wako. Kama vinavuka, fremu hiyo bado haijawa saizi yako.

MAMBO MATANO YA KUKAGUA

1. Nani mwenye nyumba halisi? Mjini kuna fremu mtu kapanga, akampangisha mwingine, naye anakupangisha wewe. Omba kuuona mkataba wa huyo anayekupa na muda uliobaki. Ukitoa kilemba kwa mtu ambaye mkataba wake unaisha baada ya miezi minne, umenunua miezi minne.

2. Kilemba kiandikwe. Kiasi, tarehe, nani kapokea, na kitatokea nini ukitolewa kabla ya muda. Mwenyewe akisema "hatuandikagi bana, hapa ni kuaminiana", chukua muda ufikirie upya.

3. Kodi ya zuio. Mfanyabiashara anayelipa pango anatakiwa azuie asilimia 10 na kuipeleka TRA. Sheria inasema hiyo hela inatoka kwenye mapato ya mwenye nyumba. Ila wengi wanakwambia "mimi nataka laki nane yangu kamili". Ukikubali, hiyo asilimia inakuangukia wewe, kama elfu 80 hadi 90 kila mwezi. Uliza MAPEMA, siyo baada ya kulipa.

4. Watu wanapita au wanasimama? Simama mbele ya hiyo fremu Jumanne asubuhi, Jumamosi mchana, na jioni moja. Hesabu walioingia kwenye duka la jirani na waliotoka na mfuko. Mtaa unaweza kuwa umejaa watu wote wanakimbilia kituo cha basi. Posta nayo ina saa zake: mchana wa kazi panachemka, Jumamosi mchana pamepoa. Na ghorofani siyo sawa na chini. Duka la chini linapata mpita njia. La juu linataka mteja anayekujua tayari.

5. Jengo lenyewe. Novemba 2024 ghorofa liliporomoka Kariakoo, watu wakapoteza maisha na mali ikafukiwa. Ukikuta jengo lina watu juu huku chini linachimbwa kuongeza fremu, ondoka, hata kama bei ni tamu kiasi gani.

NJIA YA KATIKATI

Siyo lazima uchague moja. Wapo wanaobaki na fremu ya mtaani, mjini wanachukua meza au robo ya fremu kwa kuchangia na mwenzao. Mjini unaonesha sampuli na kupokea oda, mzigo mkubwa unakaa stoo ya bei nafuu. Wengine wanauza mtandaoni, fremu ya mjini ikawa ni sehemu ya mteja kuja kuchukua na kuamini kwamba upo kweli. Jaribu miezi mitatu. Ukiona oda za mjini zinazidi za mtaani, hapo hamia ukiwa na ushahidi mkononi.

Na nyie wenye majengo mnaotusoma, hili ni lenu. Maduka yanarudi pale mdogo anapoweza kuingia. Fremu moja kubwa iliyofungwa mwaka mzima haikuingizii kitu. Ukiigawa vipande vinne na kupokea kodi ya miezi mitatu mitatu, mtaa mzima unachangamka, na jengo lako linapanda thamani.

Chukua kalamu sasa hivi, andika kodi yako, kilemba chako na faida ya kipande kimoja. Gawa. Namba ya vipande kwa siku ikitoka, jiulize kama duka la jirani kwenye mtaa huo linaifikisha. Ukikwama, weka namba zako hapo chini tuzipige pamoja. Na kama kuna ndugu yako anakaribia kutoa kilemba wiki hii, mtumie hii kabla hajasaini.