Kutoka Daftari la Duka hadi Mkopo wa Simu

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Hata hivyo, daftari pekee halitoshi. Data ni rekodi ghafi za matukio, ilhali maarifa ni uelewa unaomwezesha mtu kuamua. Mwenye duka mtaani anajua nani wa kukopeshwa unga, kwani anazifahamu desturi za wateja wake. Ila maarifa hayo yamo kichwani mwake. Akiondoka, huondoka nayo.

Nchini Kenya, M-Pesa ilipozinduliwa mwaka wa 2007, miamala ya wananchi wa kawaida ilianza kuacha kumbukumbu. Mnamo Novemba 2012, Safaricom na Commercial Bank of Africa zilianzisha M-Shwari. Badala ya kudai dhamana, huduma hiyo ilichanganua jinsi mteja alivyotumia simu na M-Pesa, kisha ikamkadiria kiwango cha mkopo. Hapo data ikageuzwa maarifa, nayo maarifa yakawa mtaji.

Je, nani hufaidi? Mama mboga anayelipwa kwa fedha taslimu pekee haonekani katika data hizo, hata akiwa mlipaji mwaminifu. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019 inampa mteja haki ya kufahamishwa matumizi ya data zake na kudai makosa yarekebishwe. Haki hiyo haina maana iwapo haelezwi kwa lugha anayoielewa. Hapa ndipo mwanafunzi wa Kiswahili ana kazi ya kufanya.